Bili mbili, nguzo moja: siku yangu ya kazi Sinza

Saa 10:45 alfajiri

Kabla sijanyanyua kichwa kwenye mto nishapapasa simu. Sitafuti meseji. Naangalia betri ya ofisi. Inveta yetu, kifaa kinachotupa umeme wa betri ule wa kawaida ukikata, ina programu yake kwenye simu, nikiwa kitandani Mbezi Mwisho naona betri iliyoko Sinza, hapa hapa Dar, imejaa kiasi gani. Leo asilimia 100 na umeme upo. Nalala dakika kumi za ziada.

Sisi ni kampuni changa, watu wanane. Wenye maduka ya mitaani wanaagiza soda, unga na sabuni kwa simu, sisi tunakusanya oda, tunazipeleka kwenye maghala ya jumla, halafu kirikuu mbili za kukodi, vigari vidogo vya mizigo, zinasambaza mzigo. Kwenye karatasi za BRELA, wasajili wa kampuni, mimi ni mkurugenzi. Kwa vitendo ni fundi msaidizi, mnunuzi wa maji na askari wa jagi la umeme. Habari za jagi zinakuja.

Saa 12:10 asubuhi

Daladala hadi Kimara, basi la mwendokasi hadi Shekilango. Mvua imepiga usiku kucha, masika hayana utani, na kwenye basi watu wanaulizana kama Jangwani kunapitika. Mimi siulizi. Tulipokuwa tunatafuta ofisi nilichora ramani ya wafanyakazi wanakoishi: Kimara, Mbezi, Mabibo, Ubungo. Wote wako upande huu wa bonde la Msimbazi. Jangwani pakijaa maji na barabara ikafungwa, kuna wanaokosa kazini siku nzima. Sisi tunafika na viatu vya tope, lakini tunafika.

Dalali hakunielewa kabisa. Alitupeleka Mikocheni kwenye jengo la vioo, akatuonyesha lifti na mapokezi ya marumaru. Nikamuuliza maswali manne: mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ni yetu peke yetu au tunachangia na wapangaji wengine? Tangi la maji ni lita ngapi? Paa ni la nani? Na nyaya za intaneti zinaingilia wapi? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya sanda kwenye harusi. Tukaishia Sinza, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mita yetu, paa la mama mwenye nyumba, naye ni mtu wa kuzungumza naye. Swali la nne nililiuliza nusunusu, na leo limenirudia.

Saa 1:20 asubuhi

Nagonga simtanki kwa kiganja kuanzia juu kushuka chini. Inalia wazi hadi karibu na kitako. Bomba halijatoa tangu juzi. Nampigia kijana wa maji, anasema, "Dada, nipe saa moja." Kwa kipimo cha Dar hiyo ni saa tatu. Bahati nzuri ndoo mbili za choo zilijazwa jana.

Saa 2:00 asubuhi

Oda zinaingia. Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina cha kusimulia: watu wamekaa, wanabonyeza, wanapiga simu ghalani, wanabishana kama katoni ya sabuni ni vipande ishirini na nne au thelathini. Ningependa siku nzima iwe hivi.

Saa 3:40 asubuhi

Feni zimepungua sauti kidogo, zikarudi. Aliye mgeni hawezi kujua kwamba umeme umekata. Sisi tunajua kwa sababu chini mashine ya kukatia nondo imenyamaza.

Betri yetu ni ya lithiamu, volti 48, na inabeba karibu yuniti tano. Hatuimalizi yote, tunahesabu nne. Kompyuta mpakato nane, ruta, feni tatu na taa zinakula kama wati 650 kwa pamoja. Gawanya mwenyewe: saa sita na kidogo. Kiyoyozi hakimo kwenye hesabu hiyo. Fundi alikitenga kwenye saketi yake ili umeme ukikata kife peke yake, na wa kwanza kulalamika nilikuwa mimi.

Dakika kumi hazijapita, kila kitu kimezima. Giza, kimya, halafu inveta inaanza kulia pii, pii, pii. Sikuuliza sababu, nikaenda moja kwa moja jikoni. Mhasibu wetu amesimama na kikombe, jagi la umeme limechomekwa kwenye soketi iliyobandikwa karatasi nyekundu yenye maneno USICHOMEKE.

"Shikamoo," ananiambia. Mhasibu amenizidi miaka kumi na miwili.

Jagi lile linavuta wati 2,000. Inveta yetu mwisho wake ni 2,400. Jumlisha na zile 650, unapata ofisi nzima gizani kwa ajili ya kikombe kimoja cha chai ya rangi. Nimechomoa, nimewasha inveta upya, na kuanzia leo jagi linalala kwenye droo yangu. Maji ya moto tutanunua kwa mama ntilie kwenye chupa ya chai, kama tulivyokuwa tunafanya tangu mwanzo kabla hatujajiona matajiri.

Mtu akisikia umeme umekata anasema, si bwawa lipo? Ni kweli lipo. Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Rufiji lina mashine 9, jumla megawati 2,115, na ule mgawo wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulipungua mashine za kwanza zilipoanza kazi. Lakini kati ya Rufiji na soketi yangu kuna vituo vya kupozea, transfoma ya mtaa, nguzo, na mwembe wa jirani ambao matawi yake yanagusa waya kila upepo ukivuma. Umeme unaweza kuwa mwingi nchini na mtaani kwako ukakosekana siku nzima. Ndiyo maana siku hizi sisikilizi sana habari za megawati. Nausikiliza ule mwembe.

Saa 4:50 asubuhi

Lori la nondo limekuja kushusha mzigo duka la chini. Dereva anarudi nyuma, utingo anapiga bodi, "Njoo, njoo, njoo!" Nondo zilizochomoza zimenasa nyaya zilizoning'inia kwenye nguzo mbele ya jengo. Nimesikia mlio kama mtu amepasua khanga, na ofisi nzima ikanigeukia.

Intaneti imeenda. Nikasema haya, tuhamie laini ya pili. Kijana wa programu akaniambia, "Dada, ya pili nayo imekufa."

Nikashuka. Nyaya mbili nyeusi zimelala kwenye tope. Moja imekatika kabisa, nyingine imevutwa hadi ikajikunja, na waya wa kioo (faiba) ukikunjwa hivyo, hata ukionekana mzima kwa nje, ndani umevunjika. Kampuni mbili tofauti, mikataba miwili, risiti mbili kila mwezi. Nguzo moja.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na majirani. Seva zetu, kompyuta zinazotunza oda, ziko Cape Town. Siku zile nilikuwa naangalia duara linazunguka kwenye kioo huku wenye maduka wakipiga simu kuuliza kama tumefunga biashara. Tulipotulia tukafanya mambo mawili. La kwanza, oda ikiandikwa inakaa kwanza kwenye simu ya mwenye duka, inasubiri mtandao, hata ikichukua nusu siku. La pili, tukanunua intaneti kwa kampuni nyingine. Na nilijiona mjanja: niliwahoji maofisa wao wa mauzo karibu saa nzima, wanatumia waya gani wa baharini, ukikatika wanahamia wapi. Niliuliza wanapitia bahari gani. Sikuuliza wanapitia nguzo gani.

Saa 5:15 asubuhi

Tumehamia kwenye ruta ya laini za simu. Inapumua kwa shida. Umeme ukikata mtaa mzima unahamia kwenye bando kwa wakati mmoja, na mnara nao una betri kama sisi. Picha za bidhaa hazifunguki.

Oda zenyewe ziko salama, Cape Town haijui kama Sinza kuna lori la nondo. Mwenye duka anabonyeza, anaweka namba ya siri, pesa inakatwa kwenye simu yake, seva inapata taarifa. Sisi ofisini ndio vipofu: hatuoni nani kalipa, kwa hiyo hatumwambii dereva apakie nini. Kwa siku kama hizi seva inatuma orodha kwa SMS kila nusu saa, namba ya duka, bidhaa, idadi, basi. Haina picha wala rangi, na inafika hata mtandao ukiwa unachechemea. Aliyeibuni ni dereva wetu mmoja, ambaye simu yake ni kiswaswadu na hataki kusikia habari ya simu ya kupangusa. Tulimcheka. Leo ofisi nzima inasoma meseji hizo kama waraka.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage. Maji yamefika.

Saa 8:15 mchana

Betri asilimia 32. Nawasha jenereta kabla haijashuka zaidi, kwa sababu betri ya leo ndiyo hiyo hiyo ya kesho. Tunaliweka nyuma, nje kabisa chini ya kibanda cha bati, mbali na madirisha. Moshi wake unaua, na nimewahi kuona ofisi ya watu imeliweka kwenye korido. Saa mbili za jenereta ni kama lita mbili na nusu za petroli, ndipo tunarudisha karibu nusu ya betri huku kazi zikiendelea. Mwaka wa kwanza tuliishi kwa jenereta tu, kwa kuwa mfumo wa inveta na betri uligharimu milioni tano na nusu na hatukuwa nazo. Nikijumlisha risiti za petroli za mwaka ule naumia. Tulikuwa tunanunua betri kila mwezi bila kuimiliki.

Saa 9:30 alasiri

Manzese, kwa bodaboda. Mama mmoja mwenye duka amepiga simu mara tatu: pesa imekatwa, mzigo hajauona. Namkuta ameketi kwenye kreti. "Mwanangu, mimi sitaki maelezo, nataka unga." Ananionyesha meseji ya muamala, saa 5:02 asubuhi. Ni katikati ya fujo yetu. Dereva alisoma SMS iliyotangulia, hakusoma iliyofuata. Mzigo wake uko njiani, nasubiri naye hadi kirikuu kinafika, nasaidia kushusha viroba vitatu. Ananipa soda ya bure, na onyo.

Nikiwa pale nimeandika kwenye daftari: SMS ziwe na namba mfululizo. Dereva akiona 14 kisha 16, ajue 15 imempita.

Saa 11:00 jioni

Mafundi wa kampuni ya kwanza wamefika, wameunga waya, wameondoka. Wa kampuni ya pili nimemzuia asiunge. Nikamwonyesha uchochoro wa nyuma ya jengo, kuna nguzo nyingine kwenye mtaa wa pili. Anasema inawezekana, waya mita sitini hivi, ila utapita juu ya uzio wa jirani na ukutani kwa mama mwenye nyumba, kwa hiyo anataka ruhusa.

Nikapanda kwa mama mwenye nyumba, nikaamkia, nikakaa. Huwezi kuanza na waya. Tumeongea mvua, tumeongea mguu wake, tumeongea mjukuu wake aliyefaulu kwenda kidato cha tano. Ndipo nikasema. Akanisikiliza, akasema ukutani hana neno, na jirani ataongea naye yeye mwenyewe kwa sababu mimi nikienda ataomba pesa. Halafu akaniuliza, je, yale mambo ya paneli za jua niliyomwambia Januari yameishia wapi, maana na yeye friji lake linaharibu samaki.

Sikutegemea. Paa lake ni kubwa kuliko ofisi yetu. Tumekubaliana Jumapili nije na fundi tupime.

Saa 1:40 usiku

Umeme ulirudi saa 12:20 jioni. Nanunua LUKU ya yuniti hamsini, nabonyeza tarakimu ishirini moja moja kwenye mita nikitumia tochi ya simu, nakosea moja, naanza upya. Nazima feni, natazama inveta inavyojaza betri, nafungia jagi kwenye droo.

Nikiwa kituoni Shekilango, ujumbe wa fundi wa waya: kesho saa 2 asubuhi anafika, ila ngazi yake ni fupi, je, ninayo ndefu? Duka la chini wanayo moja ya futi ishirini na nne. Nampigia mwenye duka. Anacheka, anasema atanipa bure, mradi nisimdai dereva wa lori.