Mashine ya vumbi: kwa nini niliiacha ya kikombe nikachukua ya mfuko

Kila niliyemuuliza ninunue mashine gani ya kufyonza vumbi alinijibu neno moja: chukua isiyo na mfuko, utaokoa pesa. Hakuna hata mmoja aliyenitajia filta, na hapa Mombasa filta ndiyo shughuli yenyewe.

Mashine ya kikombe, ndiyo hiyo isiyo na mfuko, huzungusha hewa kwa kasi. Mchanga na nywele hurushwa pembeni, vikaanguka chini. Vumbi laini kama unga halianguki. Hufuata hewa mpaka kwenye sponji iliyo mbele ya mota, ndiyo filta, likajazana humo. Sisi tuko Mji wa Kale, kuta ni za mawe na chokaa, na chokaa haiachi kupukutika. Haziishi wiki mbili, mlio unakuwa mwembamba na zulia halivutiki tena.

Maelekezo yasema osha filta kwa maji matupu, iache saa 24. Mwezi wa Mei, masika imeshika, saa 24 hazikaushi hata leso. Niliigusa sponji, juu kavu, nikairudisha. Kumbe ndani ina maji. Chokaa ikaingia ikawa uji mzito ulioziba vitundu vyote, hewa ikakosa njia, mota ikashika moto hadi ikajizima, na chumba kikanuka uvundo siku mbili. Basi mwenye mashine hiyo awe na filta mbili, moja kazini, moja kivulini penye upepo. Kabla ya kuirudisha, izungushie tishu uibane kwa nguvu nusu dakika. Tishu ikipata unyevu, bado.

Lililonikatia shauri ni tochi. Usiku nilizima taa, nikamulika pale hewa inapotokea nyuma ya mashine. Chembe zilikuwa zikielea kwenye mwanga, tena nyingi, na ndani ya nyumba kuna mtoto mwenye pumu. Kipime hivyo chochote unachotaka kununua. Filta ya H13, daraja la filta za vumbi laini sana, hukamata angalau asilimia 99.95 ya chembe, lakini mpira wa kuziba kingo ukilegea, vumbi hupita ubavuni.

Nikahamia ya mfuko. Mifuko ya karatasi huziba upesi. Tafuta ile ya kitambaa cha sintetiki yenye tabaka kadhaa. Itoe ikifika robo tatu. Usiikung'ute ukairudisha, maana ikichanika vumbi lote huishia kwenye mota. Na tafuta mifuko kwanza, mashine baadaye: nenda dukani na ile shingo ya kadibodi ya mfuko mkononi, uilinganishe tundu kwa tundu, kwa sababu ikipwaya kidogo tu mfuko hauna kazi. Pakiti yangu ya mifuko minne hunifikisha karibu nusu mwaka, na gharama yake naiona ndogo kuliko mota.

Ila kama uko Nyali au Bamburi, mitaa ya ufukweni, sakafu vigae, uchafu wako ni mchanga wa pwani na hakuna anayebanwa kifua, ya kikombe inakutosha, kwani mchanga ni mzito na hutua wenyewe. Mchanga wenyewe uwe mkavu tu.