Mobster si jambazi

Wiki iliyopita nilikuwa natafsiri makala kuhusu Chicago ya miaka ya 1920, nikakwama kwenye neno moja: mobster. Kamusi niliyo nayo inashauri "jambazi", nami niliandika hivyo bila kufikiri, kisha nikalifuta. Jambazi huvamia duka usiku, hupora na kutokomea. Mobster huingia mchana kweupe, huwajulia hali mwenye duka na watoto wake, kisha hupokea bahasha ya kila wiki, malipo ya kulindwa dhidi ya hatari ambayo wote wawili wanajua kwamba ni yeye mwenyewe.

Neno lenyewe limetoka mbali. Waingereza wa karne ya 17 walilikata fungu la Kilatini mobile vulgus, yaani umma usiotulia, wakabaki na mob, kundi la watu wenye fujo. Baadaye mob likawa pia jina la genge la wahalifu, na mwanzoni mwa karne ya 20 Wamarekani wakalitia mkia ule ule unaosikika katika gangster. Kwa hiyo neno lililoanza kwa kutaja umati usio na kichwa wala miguu limeishia kumtaja mtu wa safu yenye vyeo: bosi, makamu wake, mshauri, makapteni, na askari walio chini kabisa. Huko New York, mwaka 1931, bosi Lucky Luciano na wenzake waliunda hata Tume ya wakubwa wa familia za kimafia, yaani magenge yao, ili ugomvi usuluhishwe mezani kabla haujaharibu biashara.

Nasema biashara kwa makusudi. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 pombe ilipigwa marufuku nchini Marekani, lakini kiu ya wanywaji haikupigwa marufuku, na bia haiuzwi kwa bastola peke yake: inahitaji kiwanda, maghala, malori, madereva, na polisi wa kuhongwa kila mwezi bila kukosa.

Ndiyo maana kisa cha Al Capone, bosi wa genge la Chicago lililouza pombe hiyo, hunivutia zaidi kinapofika kwenye karatasi kuliko kwenye risasi. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba walisimamishwa ukutani ndani ya gereji moja ya Chicago wakapigwa risasi, na ingawa wengi walimshuku Capone, hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo. Kilichomnasa Capone ni kodi. Mwaka 1927 Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kwamba hata mapato haramu hutozwa kodi, na wachunguzi wa Hazina wakapekua madaftari yaliyokamatwa katika nyumba ya kamari ya mji wa Cicero, ambamo faida ilikuwa imeandikwa safu kwa safu kwa mkono wa karani. Oktoba 1931 akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Ni jambazi gani mwenye karani wa hesabu?

Nilifikiria "bwana wa genge", nikasita, maana kwa msomaji wa Dar es Salaam genge ni pia kile kibanda cha nyanya na vitunguu pale mtaani. Makala imekwenda kwa mhariri ikiwa na "kigogo wa genge la uhalifu" kwa Capone na "watu wa genge lake" kwa walio chini yake. Mobster limebaki mara moja tu, kwa herufi za mlazo, katika sentensi inayoeleza maana yake.