Mtoto wa saa tatu, mtoto wa saa kumi

Ugomvi wetu wa dawa ya kumsaidia mwanangu atulie darasani ulianzia kwenye kopo la chakula. Mwanangu alikuwa amerudi kutoka shule, ametupa mkoba mlangoni na viatu kila kimoja upande wake, na bibi yake, ambaye nyumba nzima humwita Hajati, akalifungua lile kopo ili alioshe. Ndani alikuta gurusa mbili, chapati nyembamba za Kinubi, alizomkunjia mwenyewe alfajiri, hazijaguswa, zimeanza kukauka kingo. Akalifunga tena taratibu, akaliweka mezani mbele yangu na kusema, "Kwa hiyo hiki kidonge chenu kinamfundisha mtoto kufunga hata Ramadhani haijafika."

Tunaishi Bombo, Uganda, kwa wakwe zangu, ambako wazee husemezana Kinubi na mimi, binti wa askari niliyelelewa kambini, huzungumzishwa kwa Kiswahili. Mwanangu ana miaka minane na yuko darasa la tatu. Tangu darasa la kwanza walimu wamekuwa wakiniita na kunieleza yale yale: hamalizi kunakili ubaoni, anajibu kabla swali halijaisha, anasimama wenzake wakiwa wamekaa. Mwaka jana alirudi na alama za fimbo mapajani, ingawa marekebisho ya Sheria ya Watoto ya 2016 yanakataza viboko shuleni. Nilipokwenda kuuliza, mwalimu alinijibu kwa upole kabisa kwamba mtoto hasikii. Ni zile alama, wala si matokeo ya mtihani, zilizonipandisha taksi kwenda Kampala kumwona daktari wa afya ya akili ya watoto.

Daktari hakutoa jibu siku hiyo. Alinipa fomu mbili, moja yangu na nyingine ya mwalimu, akanieleza kwamba hali hii, inayojulikana kwa kifupi cha ADHD, yaani upungufu wa umakini na kutotulia kupita kiasi, haithibitishwi kwa kipimo cha damu wala kwa picha ya kichwa. Kinachotafutwa ni dalili: kwa mtoto, angalau sita kati ya tisa za kukosa umakini, au sita kati ya tisa za kutotulia na kukurupuka, ziwe zimedumu miezi sita au zaidi, zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, zinamkwaza katika maisha yake, na zinaonekana katika mazingira zaidi ya moja. Sharti hilo la mwisho nililipita haraka wakati ule. Fomu ziliporudi zilifanana vya kutosha, tukaanzishiwa dawa iitwayo metilfenideti, ya miligramu 5 kila asubuhi.

Kikao cha ukoo kilikaa siku ya Jumamosi, mume wangu aliporudi na lori kutoka Juba. Hofu ya Hajati ilikuwa na jina, nalo ni Butabika. Hospitali ile ya taifa ya afya ya akili imekuwapo tangu 1955, na vinywani mwa watu jina lake limegeuka tusi; mtoto akishaanza kumeza dawa za kichwa, alisema, jirani hataulizia ni dawa gani. Mume wangu yeye alisema, "Mimi nilikuwa hivi hivi, na ni nani aliyenipa kidonge?" Aliyasema kama pingamizi, nami nikanyamaza, kwa sababu daktari alikuwa amenieleza kwamba hali hii hurithiwa sana katika familia, na kwa sababu ninajua mume wangu aliacha shule mwaka wa pili wa sekondari na hadi leo hawezi kukaa benki akasubiri zamu yake.

Hoja nzito kuliko zote ilitoka kwa shemeji yangu, ambaye ndiye msomi wetu. Alisema kwamba metilfenideti ni kichangamshi, kwamba imo katika Jedwali la Pili, la dawa zinazodhibitiwa vikali, la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na kwamba Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, likakataa tena 2021. Hakudanganya. Nilikwenda kusoma mwenyewe, nikakuta kwamba wataalamu walitilia shaka ubora wa ushahidi na uchache wa taarifa za matumizi ya muda mrefu. Kwa upande mwingine upo utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 1999, wa watoto 579 waliofuatiliwa kwa miezi 14, ulioonyesha kwamba dawa inayosimamiwa kwa uangalifu hupunguza dalili kuu kuliko mafunzo ya tabia peke yake. Lakini watoto hao hao walipotazamwa tena baada ya miaka mitatu, tofauti kati ya makundi ilikuwa imefifia. Mtu anayeniambia kwamba jambo hili ni jepesi, awe upande wowote, siku hizi simsikilizi.

Baba mkwe, askari mstaafu asiyependa maneno mengi, aliuliza swali moja tu: mtoto aliyechangamka kupita kiasi anapewaje dawa ya kuchangamsha? Nilimweleza kadiri nilivyoelewa, kwamba dawa huzuia kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, zisirudishwe upesi zilikotoka, na kwamba sehemu inayochangamka zaidi ni ile inayomzuia mtu asikurupuke. Mume wangu ndiye aliyeidaka: "Yaani ni breki ndiyo inayotiwa upepo." Madereva wa malori wana faida zao. Hata Hajati alicheka jioni ile, ila kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimewaambia kwamba jina Ritalin, ambalo metilfenideti huuzwa nalo, linatokana na Rita, mke wa Leandro Panizzon, mkemia aliyeitengeneza dawa hiyo Uswisi mwaka 1944. "Basi angeendelea kumpa mkewe," akasema.

Hatukuafikiana. Mimi niliendelea kumpa kidonge, wao wakaendelea kulalamika, na hali ingebaki hivyo kama daktari hangekuwa ameniagiza kuandika mwenendo wa mtoto kwa saa. Daftari lenyewe ninalo hapa. Saa moja kasorobo: kidonge, baada ya uji. Saa tatu: mwalimu anasema amenakili ubao mzima. Saa sita: hakula. Saa kumi: amerudi, amelia nusu saa kwa sababu kamba ya kiatu imekatika. Saa mbili usiku: amemaliza sahani mbili.

Dawa ya aina hii hufanya kazi kwa muda wa kama saa nne tu, na inapokwisha mtoto anaweza kuwa mkali kuliko alivyokuwa kabla ya kuimeza. Mwalimu, basi, alikuwa akimjua mtoto wa saa tatu. Hajati alikuwa akimpokea mtoto wa saa kumi, ambaye dawa imemwisha, tumbo ni tupu na machozi yako karibu, halafu anaambiwa kwamba huyo ndiye aliyetibiwa. Mume wangu, anayefika Ijumaa usiku na kuondoka Jumapili, hakuwahi hata mara moja kumwona mwanawe akiwa na dawa mwilini, kwa kuwa daktari alikubali tuiache siku za mapumziko ili apate kula. Nami nilimjua kwa daftari la mazoezi, nikaridhika na mwandiko. Lile sharti la mazingira zaidi ya moja sisi tulilitimiza kwenye fomu, tukalisahau nyumbani.

Mwenyewe tulikuwa hatujamuuliza. Nilipomuuliza, tukiwa tunaosha vyombo, alisema kwamba akimeza kidonge kelele za dirishani zinakwenda mbali, na hilo ni zuri. Akanyamaza kidogo. "Lakini wenzangu wanasema siku hizi sichekeshi." Jibu hilo nililipeleka kwa daktari pamoja na kilo moja iliyopungua. Hakuongeza kipimo cha asubuhi, ingawa mwalimu aliomba. Alitaka kifungua kinywa kiwe kizito na kitangulie kidonge, chakula cha usiku kiruhusiwe kuchelewa, urefu na uzito viandikwe kila mwezi kwa kuwa dawa hii inaweza kupunguza kasi ya kukua, na kidonge cha pili kiongezwe mchana ili ile saa kumi isiwe kali hivyo. Kazi ya urefu aliichukua baba mkwe, kwa penseli, kwenye fremu ya mlango.

Kidonge cha mchana ndicho kilichotushinda, kwa sababu shule ilikataa kukaa na dawa inayodhibitiwa, nami huwa kazini Kampala. Aliyebaki karibu na geti la shule ni Hajati. Sikumwomba, niliacha pakiti juu ya kabati na kusema tu kwamba sijui nitafanyaje. Kesho yake ilikuwa imepungua kidonge kimoja.

Hajabadili msimamo, na huurudia kila jioni asije mtu akadhani ameshindwa. Lakini adhuhuri hukifunga kidonge kwenye pindo la leso, akaenda, akahakikisha gurusa zimeliwa mbele ya macho yake, ndipo afungue fundo. Jumanne iliyopita alichelewa sana kurudi. Nilipomuuliza jioni, alisema alikaa chini ya mwembe ulioko nje ya ua wa darasa lao, akimtazama. Alichokiona hakukisema. Aliniomba tu, nikipita sokoni, ninunue kopo kubwa zaidi.