Nilivyowasaidia wazee wa kijiji chetu kuandikishwa katika mpango wa Inua Jamii

Mwaka 2017, serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 ataandikishwa katika mpango wa Inua Jamii ili apate shilingi 2,000 kwa mwezi, wazee wengi wa kijiji chetu katika Kaunti ya Kilifi waliyachukulia maneno hayo kuwa ahadi za siasa, kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Wakati huo nilikuwa nikifundisha darasa la ngumbaru, yaani la watu wazima wanaojifunza kusoma, na wanafunzi wangu ndio waliokuwa wa kwanza kuniletea vitambulisho vyao ili niwasomee na niwaambie kama wamo katika mpango huo au hawamo. Kutoka hapo, kazi ya kuwasindikiza wazee hadi kwa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii ikawa sehemu ya maisha yangu, na naandika haya nikitumaini kwamba yeyote mwenye mzazi au jirani mzee atapata la kumsaidia.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote lilikuwa kuwashawishi watu kwamba wanastahili. Mpango wa awali wa fedha za wazee ulichagua familia maskini zilizokuwa na watu wa miaka 65 na zaidi, na kijiji kizima kilizoea kuona majina machache yakiitwa na mengine yakiachwa. Kwa hiyo mzee mmoja jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa amemwezekea nyumba kwa mabati, alikataa katakata kwenda kuandikishwa, akisema kwamba chifu akiyaona mabati hayo atamfukuza. Nilimweleza kwamba safari hii hakuna anayekagua paa. Wakati huo kilichoangaliwa kilikuwa umri, uraia, na kwamba mtu hapokei pensheni wala ruzuku nyingine ya serikali. Nilimsomea pia Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010, kinachotambua hifadhi ya jamii kuwa haki ya kila mtu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, hii si sadaka?" Nikamjibu kwamba si sadaka, baba, ni haki yako. Kesho yake alikuja mwenyewe kunigongea mlango.

Baada ya hapo, karibu kila tatizo lilitokana na kitambulisho, na ndiyo maana nilijiwekea utaratibu wa kukikagua nyumbani kabla ya mtu kwenda kupanga foleni juani. Kitambulisho cha Kenya walichokuwa nacho kina namba mbili upande wa mbele. Ya kwanza ni namba ya mfululizo, yenye tarakimu tisa, na ya pili ndiyo namba ya kitambulisho yenyewe, ambayo kwa wazee wetu aghalabu ni fupi zaidi. Vijana waliotumwa kuwajazia babu zao taarifa walikuwa wakinakili ile ndefu kwa sababu ndiyo inayotangulia kuonekana, na jina likiingizwa kwenye mfumo na namba isiyo yake halilingani na kumbukumbu za usajili wa watu. Mzee hukaa akingoja, wala hakuna anayemwambia kilichomkwamisha. Nilichofanya ni kuandika namba sahihi kwa herufi kubwa kwenye karatasi na kuibana pamoja na nakala ya kitambulisho, ili hata mzee akifika kwa karani bila mimi, karatasi imsemee.

Majina nayo yalitaka uangalifu wa pekee. Miongoni mwa Wagiriama, mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake, na baada ya miaka hamsini majirani, mzee wa kijiji na hata chifu hawamjui kwa jina jingine. Orodha zilizoandikwa barazani zilijaa majina ya aina hiyo, ilhali kitambulisho kina jina la usichana pamoja na la baba. Nilimwomba naibu wa chifu tukae naye jioni moja, tukapitia orodha mstari kwa mstari, kila jina la nyumbani likaandikiwa jina la kitambulisho mbele yake. Alikubali kwa moyo mkunjufu, na nadhani hakuna kazi nyingine niliyoifanya iliyookoa watu wengi kama ile.

Walioniumiza roho ni wale ambao umri wao uliandikwa pungufu. Walipochukua vitambulisho miaka mingi iliyopita, karani aliwakisia kwa kuwatazama tu, na mwaka huo wa 2017 mama mwenye mtoto wa kwanza aliyezaliwa kabla ya uhuru wa 1963 alionekana kwenye karatasi kuwa alizaliwa mwaka 1953, yaani hajatimiza miaka 70. Kwa watu hawa hakuna njia ya mkato. Lazima waombe marekebisho katika ofisi ya usajili wa watu, na ofisi hiyo hutaka ushahidi. Tulitafuta vyeti vya ubatizo, tukakusanya vitambulisho vya watoto wakubwa, tukaomba barua ya chifu. Baadhi walifanikiwa na baadhi hawakufanikiwa, na ninaamini serikali inapaswa kuwarahisishia jambo hili watu ambao hawakujiandikia umri huo wenyewe.

Malipo yalipoanza mwaka 2018 kupitia benki, likatokea suala la alama za vidole. Bibi mmoja aliyesuka makuti maisha yake yote aliweka kidole gumba kwenye mashine mara kadhaa na mashine ikakikataa, kwa sababu ngozi ilikuwa imelika na kuwa laini. Nilimwomba karani asubiri, nikamnawisha bibi mikono kwa sabuni na maji ya vuguvugu, nikaikausha vizuri, tukajaribu vidole vyote kimoja kimoja hadi cha pete cha mkono wa kushoto kilipokubalika. Kwa mzee ambaye vidole vyake vyote vimegoma, au asiyeweza kutembea, utaratibu unaruhusu kuteua mlezi wa kumpokelea fedha. Hapo nilisisitiza kwamba mzee mwenyewe ndiye aseme anamwamini nani, na asemee mbele ya watu wa nyumbani, kwa sababu nimeshuhudia mlezi aliyechaguliwa kwa kuwa anajua kusoma tu, naye akawa anafikisha nusu ya fedha.

Wapo pia waliopita majumbani wakidai "pesa ya chai" ili wapeleke majina mbele. Usajili ni bure, na hilo nililirudia msikitini, kanisani na darasani. Malipo yanapochelewa, nasi Kenya tunajua yanavyoweza kuchelewa kwa miezi, kuna namba ya simu ya bure, 1533, ya kupokea malalamiko, na vilevile afisa wa maendeleo ya jamii katika kaunti ndogo hupokea malalamiko ya ana kwa ana. Kila mara ninapopeleka lalamiko naandika daftarini tarehe, jina la mzee, na cheo cha aliyenipokea, kisha narudi kuulizia nikiwa na daftari hilo mkononi, maana lalamiko lenye tarehe hujibiwa haraka kuliko lile la kusimuliwa.