Mthai wa Mikocheni: achana na pad thai, fungua ukurasa wa mwisho

Kuna mgahawa wa Kithai Mikocheni, mtaa wa ndani kabisa, ule upande ambao bajaji ikikushusha bado una kipande cha vumbi cha kutembea, na jina sitalitaja kwa sababu hawajanilipa tangazo na pia meza zenyewe chache, mkijazana nyie mimi ntakaa wapi. Viti vya plastiki, feni mbili za ukutani, tivii ipo ila hamna anayeiangalia. Sio zile Thai za Masaki za kwenda umepiga kisigino. Sasa watu wengi wakifika hapa wanaagiza vilevile vya siku zote, pad thai, green curry, sambusa zao za kuviringisha, wanakula, wanalipa, wanaenda kusema wamekula Kithai. Sawa, wamekula. Ila menyu ina ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa mkono alafu ukapigwa laminesheni, juu yake pameandikwa "Vya Kaskazini", na huo ndo ulionifanya nikae kuandika.

Kithai tulichozoea Dar ni cha Bangkok na cha pwani kwao, tui, sukari, kamba. Na hiyo pad thai mnayoililia ni ya juzi tu, serikali ya Phibunsongkhram, waziri mkuu wao, ndo iliipigia debe mwishoni mwa miaka ya 1930 na 1940 ili nchi nzima ile tambi moja. Kaskazini ni habari nyingine. Kule ni milimani, mji mkubwa ni Chiang Mai, ulianzishwa mwaka 1296 na mfalme Mengrai, ukawa makao ya ufalme wao wenyewe ulioitwa Lanna, alafu mwaka 1558 Waburma wakauteka wakakaa nao miaka zaidi ya 200. Kwa hiyo chakula chao kina Burma ndani, kina China ndani, na kwa kuwa minazi haistawi milimani, michuzi yao mingi haina tui kabisa.

Hapo kwenye kukosa tui ndo shemeji yangu alipoanza kuniangalia vibaya. Huyu ni mdogo wake mume wangu, kazaliwa Tanga, kakulia Tanga, "Shem, mchuzi bila nazi umenileta kuugua?" Nikamwambia tulia kwanza.

Ila kwake nazi haikuwa tatizo kubwa, tatizo kubwa ni nguruwe, na hapa niseme ukweli kabisa kwa wasomaji wangu wa Kiislamu maana najua mtauliza: kaskazini mwa Thailand nguruwe yuko kila kona. Soseji yao ya mitishamba, sai ua, ni nguruwe. Mchuzi wa hang lay ni nguruwe wa tumboni yule mwenye mafuta. Nam prik ong, ile pilipili ya kuchovya ya nyanya na nyama ya kusaga, nguruwe. Hata ile ya pilipili tupu wanakuletea na ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka ili uchovyee. Shemeji akamwita mhudumu, "Mdogo wangu njoo, jikoni kwenu nguruwe mnapika?" Dogo hakuzunguka, "Kaka, ipo. Ila vyombo vyake mbali." "Mafuta je?" Hapo dogo akaona bora akamwite mwenyewe.

Akatoka mama mpishi anajifuta mikono kwenye aproni, mama wa makamo, kwao ni hukohuko kaskazini, kaolewa hapa na Kiswahili chake kimeshakuwa cha Kinondoni kabisa. Shikamoo mama, marahaba, mmekaribia. Akaelezea kikaango cha nguruwe ni kile, kisu chake kile, mafuta yote ya nyumba ni alizeti, alafu akamwangalia shemeji akamwambia, "Wewe Muislamu? Basi kula khao soi. Hiyo ya kwenu."

Shemeji akajua anataniwa. Kumbe wala. Khao soi, supu yao ya tambi, inavyosimuliwa ililetwa na Waislamu wa Yunnan, kusini mwa China, Wathai wanawaita Chin Haw, wafanyabiashara wa misafara ya nyumbu waliokuwa wanashuka milimani na bidhaa mpaka Chiang Mai, wengine wakaoa wakabaki. Msikiti wao upo mpaka leo, Ban Haw, karibu kabisa na lile soko lao la usiku, na mitaa ya pale kuna wanaopika khao soi ya halali ya kuku na ya ng'ombe. Ndo maana hata kwa wasio Waislamu hii supu utaikuta zaidi ni kuku au ng'ombe. Na tui limo! Ni moja ya vile vichache vya kaskazini vyenye tui. Shemeji alivyosikia wafanyabiashara Waislamu, misafara, kuoa ugenini na nazi, akanyamaza, maana hiyo si ndo historia ya mji wowote wa pwani unaoujua wewe.

Bakuli likaja. Chini tambi za mayai laini, katikati paja zima la kuku lililopikwa mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe, mchuzi wa manjano mzito wenye bizari na utando wa mafuta mekundu juu, alafu kileleni tambi zilezile ila zimekaangwa, zimesimama zimekauka. Pembeni kisahani: majani ya haradali yaliyochachuliwa, vitunguu vidogo vyekundu vibichi, kipande cha ndimu, na pilipili kavu iliyokaangwa kwenye mafuta mpaka ikawa karibu nyeusi. Sasa watu wanakiacha kile kisahani wanadhani ni pambo, wakati ndo nusu ya chakula. Bila ndimu na ule uchachu mchuzi unakukinaisha kijiko cha sita. Mimina vyote, kamua ndimu, pilipili weka kidogokidogo maana ina moshi na inachelewa kukufikia, koroga, na zile tambi kavu uzile mapema nusu zikiwa zinalia nusu zimeshalainika. Ukianza kupiga picha za status imekula kwako. Ni elfu 22 na inashibisha mtu mzima.

Ila kilichonifurahisha mie kuliko vyote ni wali wa kunata. Unaletwa kwenye kikapu kidogo cha mwanzi chenye mfuniko, mchele wake unalowekwa masaa mengi alafu unapikwa kwa mvuke, hauchemshwi, na unaliwa kwa mkono. Kwa MKONO. Unamega, unaviringisha, unabonyeza kwa dole gumba, unachovya, ugali mtupu isipokuwa tonge ni dogo na halikugandi mkononi. Yaani tukio ambalo Mtanzania kazaliwa nalo. Na bado meza ya jirani kulikuwa na kaka kapiga tai yake anauchokonoa na uma, wali umeng'ang'ania uma haushuki, anaona aibu kula kwa mkono kwenye mgahawa wa kizungu ambao hata sio wa kizungu. Kaka, karai la maji ya kunawa liko pale kwenye kona na sabuni yake, limewekwa kwa ajili yako.

Kwenye ule wali tulichovya nam prik num, pilipili ndefu za kijani zilizochomwa kwenye makaa na vitunguu na vitunguu saumu, zikamenywa, zikatwangwa kwenye kinu. Haiunguzi sana, ladha yake ni ya moshi. Mama alisema aina ya pilipili ya kwao hapa haipatikani, anachanganya pilipili ndefu za sokoni na hoho. Kwetu sisi badala ya ngozi ya nguruwe akatuletea maboga ya kuchemsha, bamia na kabichi, na bamia ile na ile pilipili, aisee, ningeweza kuishia hapo.

Larb, ile nyama ya kukatwakatwa yenye viungo, tuliagiza ya ng'ombe iliyokaangwa. Kama umeshakula larb sehemu nyingine ukaikuta na ndimu na mchele wa kukaanga uliosagwa, ile ni ya Isan, kaskazini mashariki. Hii ya Chiang Mai haina ndimu, inaenda na viungo vikavu, shemeji alitafuna akasimama, "Hii ina karafuu." Ina karafuu, ina bizari nyembamba, ina vitu vingine vya msituni kwao vinavyotia ganzi kidogo kwenye ulimi. Akamaliza sahani peke yake, yule aliyekuwa anaugua bila nazi.

Hang lay huwa wanaipika ya ng'ombe pia, ni ule mchuzi waliouchukua Burma, tangawizi nyingi iliyokatwa nyuzi, ukwaju, karanga nzima, masala yanayokaribiana na ya Wahindi, unachemka taratibu mpaka unakuwa mzito. Ya nguruwe siwezi kuwasemea. Ya ng'ombe ni tamu ila siku hiyo sukari ilizidi, nikamwambia dogo, akasema wateja ndo wanataka hivyo. Sijui wateja gani.

Na soseji ya kuku, hapana. Naielewa nia yao, mchaichai upo, majani ya ndimu yapo, manjano yapo, harufu inakuja kabla ya sahani, lakini sai ua inaishi kwa mafuta ya nguruwe na kuku hana mafuta hayo, matokeo yake unatafuna kitu kikavu chenye marashi. Elfu 18 hiyo, ongeza elfu nne ule khao soi.

Embe na wali wa nazi upo, mtamu, kila mtu anaujua, sina la kuongeza.

Mambo ya kujua kabla ya kwenda: parking ni ya kubahatisha, bora bajaji au bodaboda. Lipa namba ipo ila mtandao wa pale ndani unasumbua, beba keshi kidogo. Ukisema "pilipili ya kawaida" unaletewa ya kawaida yao, sio yako, hivyo anza na "kidogo" uone. Bia hawauzi, ila chai yao ya rangi ya chungwa yenye maziwa na barafu ni tamu kupita kiasi na inazima moto. Wali wa kunata ukifika saa tatu usiku umeisha, wanapika wa siku, hawapashi. Na hang lay ya ng'ombe ni Ijumaa mpaka Jumapili tu, piga simu asubuhi waambie wakuwekee, na sukari waambie wapunguze, tukiwa wengi tunaosema labda watasikia.