Pingili 144 za T-34 na mkeka wa karafuu

Miye naunda modeli za vifaru, na nlizoea minyororo ya mpira, unaizungusha kwenye magurudumu unaunga ncha mbili kwisha kazi. Sasa hii modeli ya plastiki ya T-34, kifaru cha Kisovieti, saizi ya 1/35, alonletea binamu yangu toka Dar, mnyororo wake umekuja pingili moja moja za kuunga mwenyewe, nlipofungua boksi nkalifunga tena. Kifaru chenyewe kina pingili 72 kila upande, 36 zina jino na 36 bapa, na lazima zipishane, jino bapa jino bapa, maana lile gurudumu la nyuma linalovuta halina meno, lina roli 6, yaani vigurudumu vidogo, ndani yake zinazosukuma meno ya pingili.

Nlianza msimu wa karafuu, nyumba yetu hapa Wete mkeka umetandikwa ukumbini, bibi na mashangazi wanachambua karafuu watoe makonyo, vile vijiti vyake, nkakaa pembeni na kikata kucha nakata pingili kwenye fremu yake. Bibi kaniangalia weee, mwisho kauliza, "Mjukuu wangu, hayo makonyo yako wanunuzi wake nani?" Wakacheka wote. Lakini kweli kazi ni ile ile, isipokuwa miye kila pingili lazima niipitishe msasa pale ilipokatika, ukiacha kinundu haikai sawa na mwenzake na mnyororo mzima unapinda kama nyoka.

Upande wa kwanza nliharibu mara mbili. Mara ya kwanza nligundisha pingili moja moja juu ya kifaru kwa supaglu, inashika papo hapo huwezi kurekebisha, nlipofika mwisho ikabaki nafasi ya nusu pingili. Mara ya pili nkazipanga kwenye rula, nkatia gundi ya majimaji inayoyeyusha plastiki, nkaiacha usiku kucha ili ishike vizuri. Asubuhi nazungusha kwenye gurudumu, ta! ta! ta! vipande vitano.

Kumbe siri yote ni muda. Zipange kwenye rula, tia gundi kidogo kwa brashi kila kiungo, kisha usiende mbali. Kwa joto letu miye nlikuwa naanza kuipima baada ya dakika 20, nanyanyua ncha moja taratibu, ikilegea kama mkufu bila kuachana ndo wakati wake, izungushe hapo hapo. Na feni uzime, inakausha juu ndani bado bichi. T-34 haina roli za juu, mnyororo wa juu unalalia magurudumu yenyewe, kwa hiyo nliukandamiza kwa vipande vya sponji ubonyee kidogo baina ya gurudumu na gurudumu, nkaacha mpaka kesho yake.

Jengine, gurudumu la mbele usiligundishe mapema. Kwenye kifaru cha kweli ndo linalosogezwa kukaza mnyororo, na kwenye modeli vile vile, ile nusu pingili ilonisumbua nliimaliza kwa kulisogeza tu.

Upande wa pili ukatoka siku moja, ila nkakosa pingili moja. Tumetafuta mkekani, kwenye makonyo, kwenye pakacha, hakuna. Nkachukua moja ya zile za akiba zinazofungwa mbele ya kifaru, sasa pale mbele pana pengo, nafikiria kulitia tope.