Paka wangu ameshuka mezani

Hii ni wiki ya tatu paka wangu hajapanda meza ya jikoni, na furaha yangu siwezi kuificha.

Zamani nilikuwa nampigia kelele na kumrushia maji. Alichojifunza ni kuniogopa mimi tu. Nikitoka jikoni, anarudi juu. Siku alipojificha uvunguni kwa kusikia hatua zangu, iliniuma sana. Nikaacha kabisa.

Nikaanza kujiuliza anatafuta nini kule juu. Paka hupenda mahali palipoinuka, maana anaona kila kitu na anajihisi salama. Basi nikamwekea stuli ndefu karibu na dirisha, nikatandika kitambaa alichozoea kukilalia. Kila akipanda pale anapata kipande kidogo cha nyama, papo hapo. Ukichelewa hata kidogo hajui unamtuza kwa lipi. Akipanda mezani simsemeshi, namteremsha taratibu, basi. Ukingo wa meza nilibandika utepe unaonata pande zote mbili (paka hawapendi kitu kinachowanata miguuni), na makombo tunayafuta mara tu tukimaliza kula.

Kazi kubwa ilikuwa kwa watu wa nyumbani. Mmoja akimpa tonge pale mezani, hata mara moja, tunaanza upya. Ilibidi tukae chini, wakubwa kwa wadogo, tukubaliane.

Ninapoandika haya yuko kwenye stuli yake, mkia unaning'inia, anatazama ndege nje.